Mwanafalsafa kizimbani: nyumba, nyumbani na safu moja ya hifadhidata

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na nyinyi mnaokuja hapa kutafuta vidokezo vya kuandika programu naomba mnivumilie. Leo sina msimbo wa kuwaonyesha. Nina historia, na imeanzia kwenye fomu.

Kuna chama kimoja cha kuzikana hapa kwetu Woodley kilichoniomba nikitengenezee mfumo mdogo. Wanachama, michango ya kila mwezi, malipo ya msiba, basi. Kazi ya wiki mbili, nikajiambia. Kwenye fomu ya uanachama nikaweka maswali niliyoyazoea: jina, namba ya kitambulisho, simu, nyumbani, na jina la mtu atakayesimamia mazishi. Hayo mawili ya mwisho niliyafanya ya lazima. Usipoyajaza, kitufe cha kuhifadhi hakifanyi kazi. Na msimamizi wa mazishi alikuwa mmoja tu. Safu moja, jina moja. Nilifundishwa chuoni kwamba data safi ni data isiyojipinga.

Siku ya kuuonyesha mfumo kwa wanachama, mama mmoja anayeuza nguo Toi aliniita pembeni.

"Kijana wangu, hii mashine inataka nyumbani. Niandike wapi?"

"Andika unakotoka, mama."

"Natoka hapa."

"Namaanisha nyumbani kabisa. Mashambani."

Akanitazama kwa huruma. "Nilizaliwa Pumwani. Nikaolewa, nikaja huku. Wanangu wote wamekulia hapa. Mume wangu kwao ni Siaya, mimi kwetu ni Murang'a, na Murang'a sijalala hata siku saba. Sasa mashine yako inataka kunipeleka wapi?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Na kabla sijajibu, mzee mwenyekiti akaingilia kwamba jina la msimamizi wa mazishi liwe la mtu wa ukoo wa mume, maana ndivyo ilivyo. Mama akasema ataandika jina la binti yake. Kikao kikagawanyika. Nusu saa nzima watu wazima walibishana juu ya safu niliyoitengeneza kwa sekunde kumi nikinywa chai.

Nilirudi nyumbani (eh, mnaliona neno lenyewe?) nikakumbuka kwamba mabishano haya nchi hii iliwahi kuyafanya, tena mahakamani, tena huku mwili ukisubiri kwenye friji. Kutoka Woodley mpaka mochari ya jiji, pale upande wa Mbagathi, ni mwendo wa kwenda kwa miguu. Ndipo alipolazwa S.M. Otieno.

Kwa wale waliozaliwa majuzi kama mimi, kesi ni hii. Silvano Melea Otieno alikuwa wakili mashuhuri wa kesi za jinai hapa Nairobi. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Alikuwa Mjaluo, na mkewe, Wambui Waiyaki Otieno, alikuwa Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki, mwanamke aliyeshiriki harakati za Mau Mau. Walioana mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Walikuwa na nyumba Lang'ata na shamba Upper Matasia, kule upande wa Ngong. Wambui alisema mumewe alitaka kuzikwa Matasia. Ukoo wa Umira Kager, ukiongozwa na ndugu wa marehemu, Joash Ochieng' Ougo, ukasema hapana: Mjaluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya.

Amri za kwanza zilitolewa, zikakatiwa rufaa, kesi ikarudishwa Mahakama Kuu isikizwe kwa ukamilifu. Jaji alikuwa S.E.O. Bosire. Wambui aliwakilishwa na John Khaminwa, ukoo ukawakilishwa na Richard Kwach. Januari na Februari 1987 nchi nzima ilifuata kesi hiyo gazetini kama watu wanavyofuata ligi.

Kumbukeni miaka yenyewe. Tangu Juni 1982 Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 chuo kikuu kilifungwa kwa muda mrefu. Mwaka 1986 watu walikuwa wakikamatwa kwa madai ya kuwa wa Mwakenya, na wengine wakapitia vyumba vya chini vya Nyayo House. Siasa haikujadiliwa kwa sauti. Kesi ya S.M. ikawa mahali ambapo Mkenya angeweza kubishana hadharani kuhusu mambo makubwa bila kuitwa mchochezi: mke na ukoo, kabila na taifa, mila na sheria, mtu na watu wake.

Upande wa Wambui ulimchora S.M. kama mtu wa mjini. Wakili, msomi, mpenzi wa Shakespeare, mtu aliyeoa nje ya kabila lake na kulea watoto Nairobi. Mtu wa namna hiyo, hoja ikaenda, amejiondoa kwenye mila kwa maisha aliyoyachagua. Upande wa ukoo ukajibu kwa tofauti ambayo kwa Kiswahili tunayo tayari: nyumba si nyumbani. Kijaluo nacho kina ot na dala. Nyumba unaweza kuwa nazo kumi, Lang'ata, Matasia, popote. Nyumbani ni mahali ambapo boma limeanzishwa kwa taratibu zake na waliokutangulia wamelala. S.M. alikuwa na nyumba Nairobi, wakasema. Nyumbani kwake kulikuwa Nyalgunga.

Sasa ndipo anapoingia mtu wangu wa leo. Miongoni mwa mashahidi walioitwa na upande wa ukoo alikuwamo profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Henry Odera Oruka.

Hebu tulia kidogo na hilo. Mwanafalsafa kizimbani, akiapishwa kama shahidi mtaalamu, katika kesi ya maiti. Wengi wetu tukisikia falsafa tunamfikiria Mgiriki mwenye ndevu, au yule jamaa wa chuoni aliyekuwa akiuliza kama kiti kipo kweli. Oruka hakuwa wa namna hiyo.

Alizaliwa mwaka 1944 huko Nyanza. Alikwenda Uppsala, Sweden, kusomea sayansi, hali ya hewa ikiwemo, kisha falsafa ikamteka. (Wenzangu wa kompyuta, kuna tumaini.) Akaendelea na masomo Wayne State kule Detroit, na mwaka 1970 akaanza kufundisha Nairobi. Wakati ule falsafa ilikaa chumba kimoja na masomo ya dini. Ilipata idara yake mwaka 1980.

Swali kubwa la enzi zake lilikuwa hili: je, Mwafrika ana falsafa? Swali lenyewe ni tusi, lakini lilikuwa limeulizwa na likajibiwa vibaya. Mmisionari Placide Tempels, aliyeishi Kongo ya Wabelgiji, alichapisha kitabu mwaka 1945 akisema Wabantu wanayo falsafa, ila wao wenyewe hawawezi kuieleza. Yeye ndiye atakayewaelezea. Mwaka 1969 John Mbiti wetu, mtoto wa Ukambani aliyefundisha Makerere, akachapisha kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, akikusanya imani za jamii nyingi. Paulin Hountondji wa Benin akapinga njia hiyo yote: imani za kundi zima si falsafa. Falsafa ni mtu mmoja mwenye jina anayehoji na kutoa sababu.

Oruka alikubaliana na Hountondji kwamba falsafa ni kuhoji. Alichokataa ni wazo kwamba ili uhoji lazima uwe umesoma vitabu. Basi akachukua kinasa sauti, yeye na wanafunzi wake, wakaenda vijijini kuzungumza na wazee. Waliwauliza maoni yao wenyewe, na kila jibu likafuatiwa na swali: kwa nini? Ukisema wahenga walisema, wanakuuliza wewe unasemaje.

Katika mahojiano hayo akaona wenye hekima wa aina mbili. Wa kwanza anajua mila zote. Ukimuuliza desturi ya mazishi atakupa hatua kwa hatua, bila kukosea. Ukimuuliza kwa nini, atakuambia ndivyo ilivyo. Wa pili anajua yale yale, ila anaweza kusimama kando na kuyapima. Atakuambia hii ina maana, ile haina, na hii ilikuwa na maana zamani ila hali imebadilika. Huyo wa pili ndiye Oruka alimwita mwanafalsafa, hata kama hajui kusoma. Mmoja wao alikuwa mzee Paul Mbuya Akoko. Alipoulizwa kuhusu mwanamume na mwanamke, hakujibu kwa desturi. Alipima: mwanamume anaweza kukimbia mbio zaidi, mwanamke anabeba mimba na uchungu wa kuzaa ambao mwanamume hauwezi, basi kwa kipimo gani utasema mmoja amemzidi mwenzake? Mzee mwingine katika utafiti huo alikuwa Oruka Rang'inya, baba yake profesa mwenyewe. Yote hayo yalikuja kuwa kitabu, Sage Philosophy, mwaka 1990.

Sasa rudini mahakamani, mwone kinachoniuma.

Mtu aliyetumia miaka mingi kutofautisha anayeirudia mila na anayeihoji, aliitwa kizimbani ili aieleze mila. Mahakama ilihitaji ushahidi: Wajaluo huzikaje, wanaamini nini kuhusu kifo, nani ana haki gani. Kazi ya shahidi mtaalamu ni kujibu swali aliloulizwa. Swali la "na ni haki?" halikuwa lake, lilikuwa la jaji. Kwa maneno mengine, mahakama ilimwita mwenye hekima wa aina ya kwanza, na aliyesimama pale alikuwa mtafiti wa aina ya pili.

Simlaumu. Kuna wanaosema msomi hana kazi mahakamani, abaki na vitabu vyake. Mimi naona kinyume. Alikuwa na ujuzi ambao jaji hakuwa nao, na kwa miongo mingi mahakama za kikoloni zilikuwa zimeziamua mila za Waafrika kwa kusikiliza machifu wachache na maafisa wa wilaya. Afadhali aliyewasikiliza wazee kwa kinasa sauti. Lakini pia nauona mtego. Ukiingia kwenye chombo kinachokubali ndiyo au hapana pekee, ujuzi wako wote mpana unapita kwenye tundu dogo la ndiyo au hapana.

Wasomaji wangu wanaoandika programu, hili mnalijua. Tunaliita aina ya data.

Tarehe 13 Februari 1987 Jaji Bosire aliamua S.M. azikwe Nyalgunga. Wambui akakata rufaa. Tarehe 15 Mei Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Bosire: S.M. alizaliwa Mjaluo, na kuishi mjini, kusoma na kuoa nje hakukumtoa kwenye sheria ya kimila ya Wajaluo. Mke, kwa sheria hiyo, hakuwa na haki ya kuamua mazishi. Sheria ya urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 iligusa mali, haikugusa maiti. Mwili ukasafirishwa, na tarehe 23 Mei 1987 S.M. akazikwa Nyalgunga, siku 154 baada ya kufa. Wambui hakuhudhuria.

Siku 154. Miezi mitano hapo Mbagathi, kwa sababu nchi ilikuwa na safu moja na majina mawili.

Lakini hadithi haikuishia kaburini. Mwaka 1989 wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walitoa kitabu kuhusu kesi hiyo, kilichohaririwa na mwanasheria J.B. Ojwang na mwanateolojia J.N.K. Mugambi. Oruka aliandika sura humo, safari hii si kama shahidi bali kama mwandishi, kuhusu mila, roho na Ukristo katika Kenya inayobadilika. Kizimbani anayeuliza ni wakili. Kwenye sura ya kitabu unajiuliza mwenyewe.

Na angalieni alivyokwenda mbele. Huyu hakuwa mtu wa kesi moja. Tayari mwaka 1976 alikuwa ametoa kitabu kuhusu adhabu na ugaidi barani Afrika, akidai kwamba chanzo cha uhalifu kiko katika hali za jamii, na kwamba kumtesa mhalifu huku hali zile zikiachwa ni kutibu homa kwa kuvunja kipimajoto (mfano ni wangu, hoja ni yake). Wakati huo kitanzi kilikuwa kikitumika Kenya. Miaka 41 baadaye, Desemba 2017, Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu ikasema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila kosa la mauaji ni kinyume cha katiba.

Mwaka 1989 aliandika kuhusu misaada ya kigeni. Wengine walibishana kama misaada inasaidia au inaharibu. Yeye akauliza swali lililo chini yake: je, mwenye njaa anaomba, au anadai? Jibu lake lilikuwa kwamba kila binadamu ana haki ya kiwango cha chini kabisa cha kuishi: usalama wa mwili, afya na riziki. Bila hivyo hawezi kutumia akili yake wala kutimiza wajibu wowote, hivyo huwezi kumdai maadili mtu uliyemnyima kiwango hicho. Na haki hiyo haiishii kwenye mpaka wa nchi. Akitoa tajiri wa mbali, halipi sadaka, analipa deni.

Julai 1991 wanafalsafa kutoka pembe nyingi za dunia walikutana Nairobi, Oruka akiwa kati ya waandaaji wakuu, na mada ilikuwa mazingira. Ni miaka miwili tu tangu Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kujengwa Uhuru Park, na ni miezi mitano kabla ya kifungu cha 2A kuondolewa na vyama vingi kurudi. Baadaye Oruka akaandika jibu kwa Mmarekani Garrett Hardin, aliyesema mwaka 1974 kwamba nchi tajiri ni kama mashua ya uokoaji: wakiingizwa wote, itazama. Oruka akakataa mfano wenyewe. Dunia si mashua, akasema, ni familia. Watoto wa mzazi mmoja, wengine wamefanikiwa kwa bidii, wengine kwa bahati, wengine wameanguka. Ndugu hawaulizani nani aachwe azame. Wana deni la pamoja kwa aliyewalea.

Desemba 1995 aligongwa na gari hapa Nairobi akafa. Alikuwa na miaka 51. Insha zake za mwisho zilitoka kama kitabu mwaka 1997, na jina la kitabu linahusu kutafuta kiwango cha chini cha maadili.

Kwa nini nawaambia haya kwenye ukurasa wa kompyuta?

Kwa sababu swali la nyumba na nyumbani limehamia kwetu. Vuka barabara kutoka Woodley uko Kibra. Wanubi wamekaa pale tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900, wazawa wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Mwingereza. Mwaka 1918 eneo lao la zaidi ya ekari 4,000 lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Wao walikufahamu kuwa nyumbani. Serikali, ya kikoloni na iliyofuata, kwa miongo mingi iliwaona kama wapangaji waliokaa sana. Kijana wa Kinubi akienda kuomba kitambulisho aliulizwa swali lile lile la fomu yangu: kwenu ni wapi? Aliposema Kibra, alipelekwa mbele ya kamati ya kumhoji. Hati ya ardhi ya jamii, ekari 288, waliipata mwaka 2017.

Ndiyo maana serikali ilipoanzisha Huduma Namba mwaka 2019, mfumo mmoja wa kutuhifadhi sote, waliokwenda mahakamani walikuwamo Nubian Rights Forum. Hofu yao ilikuwa rahisi kueleweka: aliyeachwa nje na karatasi ataachwa nje zaidi na mashine, maana karani unaweza kumsihi, seva haisihiki. Na sikilizeni hili. Mwaka 1987 shahidi mtaalamu alikuwa profesa wa falsafa. Mwaka 2019 mmoja wa mashahidi wataalamu wa upande wa walalamikaji alikuwa mtu wa kompyuta kutoka India, aliyeletwa kueleza mfumo wa namna hii unavyoweza kuvuja na kuwatenga watu. Kizimba ni kile kile. Ni fani yetu iliyopanda.

Januari 2020 majaji walisema mpango unaweza kuendelea iwapo kuna sheria madhubuti za kuulinda, na wakazuia ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali mtu anapoishi kwa setilaiti. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema utoaji wa kadi zenyewe ulikiuka sheria, kwa kuwa athari zake kwa data za watu hazikupimwa kwanza. Sheria ya kulinda data ilikuwa ya Novemba 2019. Mashine ilitangulia, swali likafuata nyuma.

Na sheria ya mazishi nayo ilitembea. Mwaka 2004 Mahakama Kuu iliamua kwamba wa kwanza katika wajibu wa kumzika marehemu ni yule aliyekuwa karibu naye zaidi kisheria, na mara nyingi huyo ni mwenzi wake wa ndoa. Jaji aliyeandika hivyo ni J.B. Ojwang. Ndiyo, yule yule mhariri wa kitabu cha 1989. Siwezi kuwaambia alichokuwa akiwaza. Naona tu kwamba kuna mtu aliyekaa na swali miaka, akalibeba hadi alipopewa kalamu ya kuamua. Kisha katiba ya 2010 ikasema sheria ya kimila inayopingana nayo ni batili kwa kiasi inachopingana, na kwamba walioana wana haki sawa katika ndoa. Katiba hiyo hiyo inalinda utamaduni. Kwa hiyo mabishano hayajaisha, ila sasa mke anaingia mahakamani akiwa na pa kusimama.

Turudi kwenye fomu yangu.

Nilikuwa nimejiambia kwamba mimi sina upande, naandika tu programu. Si kweli. Nilipofanya "nyumbani" iwe ya lazima, niliukubali upande wa ukoo wa mwaka 1987 bila kusikiza shahidi hata mmoja. Kama ningeondoa swali lile kabisa, ningekuwa nimeukubali upande mwingine, nikimwambia mzee mwenyekiti kwamba mahali walipolala baba zake si habari. Na nilipoweka jina moja la msimamizi wa mazishi, nilijifanya jaji. Jaji mbaya kuliko Bosire, kwa kuwa yeye angalau alisikiza pande zote na akaandika sababu zake, nazo zikaweza kukatiwa rufaa. Safu ya hifadhidata haitoi sababu.

Nilirudi kwa chama na mapendekezo matatu. Kwanza, nyumbani si lazima, na unaweza kuandika zaidi ya pamoja. Anayetaka kuandika Nyalgunga na Woodley aandike zote. Pili, msimamizi wa mazishi anaweza kuwa zaidi ya mmoja, na kila mwanachama ana nafasi ya kueleza kwa maneno yake anataka azikwe wapi na kwa nini, pamoja na tarehe, na anaweza kubadilisha. Tatu, na hili ndilo lililoleta kelele: pesa za chama zilipe mochari na jeneza moja kwa moja, bila kungoja familia ikubaliane. Hicho ndicho kiwango cha chini. Maiti isilale friji siku 154 kwa sababu mfumo unangoja jina moja.

Mzee mwenyekiti alipinga la pili. "Ukiruhusu majina mawili, umeruhusu vita viwili."

"Mzee, vita vipo tayari. Mimi nilikuwa nimevificha tu."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama hayo maelezo ya mwanachama yana nguvu kisheria. Nikamjibu kweli: ni ushahidi, si amri, na mahakama itayapima pamoja na mengine. Hakufurahi, lakini alikubali yajaribiwe mwaka mmoja. La tatu lilipita kwa kura, kwa tofauti ndogo.

Mama wa Toi alikuwa wa kwanza kujaza upya. Kwenye nyumbani aliandika Woodley. Kwenye wasimamizi aliandika binti yake, kisha, baada ya kufikiri, shemeji yake wa Siaya. Nikamuuliza kwa nini shemeji, baada ya ubishi wote ule.

"Kwa sababu huyo huwa ananipigia simu," akasema.

Odera Oruka angeweza kuwasha kinasa sauti hapo. Aliulizwa kwa nini, na hakusema ndivyo ilivyo.

Haya, wiki ijayo narudi kwenye mambo ya kawaida. Nina hitilafu moja ya kuhesabu tarehe iliyonisumbua, nitawaeleza. Kwa sasa nina swali moja kwenu mnaotengeneza mifumo. Ifungueni ile mliyoandika mwisho, mtafute sehemu moja mliyoifanya ya lazima. Nani aliamua hivyo, na alisikizwa nani?